Fosforasi haitembei udongoni, basi inafikaje ziwani?

"Mtaalamu, nina ekari tatu za mahindi kwenye mteremko unaoishia kwenye kijito, na kijito hicho kinaingia ziwani umbali mfupi tu kutoka kwangu. Wakati wa kupanda natia mbolea ya DAP, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Kabla ya mvua huwa natandaza pia samadi ya kuku juu ya ardhi, kwa kuwa ninayo ya kutosha. Navuna kama tani moja na nusu kwa ekari. Miaka ya karibuni maji ya ziwa upande wetu yanageuka kijani mvua zinapokatika, yananuka, na wavuvi wanasema alfajiri wanakuta samaki waliokufa wakielea. Sasa wanatunyooshea kidole sisi wenye mashamba: ati ni fosforasi yetu. Mimi nilifundishwa kwamba fosforasi haitembei udongoni, ukiitia leo utaikuta palepale mwakani. Tena mbolea ninayoinunua kwa jasho langu siwezi kuiachia mto. Je, wanasema kweli? Na nikiacha mbolea msimu huu, maji yatatakata?"

Aliyekufundisha hakukudanganya, na wavuvi nao hawakusingizii. Inawezekana kabisa fosforasi ya shamba lako inafika ziwani, tena bila wewe kuona upungufu wowote kwenye mavuno. Kuhusu kuacha mbolea msimu mmoja, hapana, maji hayatatakata kwa hilo, na huenda ukakosa mahindi huku ziwa likibaki vilevile. Lakini yapo mambo unayoweza kubadilisha shambani yasiyokupunguzia hata debe moja, na la kwanza naliona wazi kwenye barua yako: ile samadi.

Tuanze na hilo la kutotembea, maana limewafunga macho wakulima wengi na hata baadhi ya washauri wao. Naitrojeni ikishageuka kuwa nitreti huyeyuka na kushuka na maji, na mvua kubwa mbili tatu zinatosha kuisukuma chini ya mizizi. Fosforasi ina tabia nyingine. Ikigusa udongo hung'ang'ania. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hushikwa na chuma na alumini; kwenye udongo wenye chokaa hushikwa na kalsiamu. Kutoka ilipotiwa husogea yenyewe milimita chache tu msimu mzima. Ndiyo maana mche wa mahindi uliopandwa mbali na mbolea unaweza kuwa na majani ya rangi ya zambarau wakati mbolea ipo shambani humohumo, ila mizizi haijaifikia. Hadi hapo uko sahihi.

Lakini udongo wenyewe unatembea. Siku ya mvua kubwa simama chini ya shamba lako, pale maji yanapotokea kuelekea kijitoni, ukinge chupa moja ya kioo. Iweke mahali isitikiswe. Mchanga utatua chini papo hapo, kisha chembe nene zaidi. Kesho yake maji bado yatakuwa na ukungu wa kahawia. Ukungu huo ni mfinyanzi laini kabisa, chembe ndogo ambazo kwa uzito wake mdogo zina eneo kubwa sana la kushikia vitu. Humo ndimo fosforasi ilimong'ang'ania. Mmomonyoko hauchukui udongo wa wastani wa shamba lako. Huchagua ule laini, ule wa juu, ule uliotiliwa mbolea, na kukuachia mchanga na kokoto. Kilo moja ya tope linalofika kijitoni kwa kawaida huwa na fosforasi nyingi kuliko kilo moja ya udongo uliobaki shambani.

Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili haionekani kwa macho, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa upande wako. Fosforasi ambayo bado haijakutana na udongo haijashikwa na chochote. Punje ya DAP iliyoachwa juu ya ardhi, au samadi iliyotandazwa bila kufukiwa, ikipigwa na mvua hutoa fosforasi iliyoyeyuka moja kwa moja kwenye maji yanayotiririka. Maji hayo yanaweza kuwa meupe kabisa. Ungeyatazama ungesema ni safi. Hatari kubwa ni siku chache za mwanzo baada ya kutandaza. Kadiri siku zinavyopita bila mvua kubwa ndivyo udongo unavyopata nafasi ya kuishika. Wewe unatandaza samadi juu, kwenye mteremko, mvua ikikaribia. Ukitafuta namna ya kuipeleka fosforasi ziwani kwa haraka, ni vigumu kupata iliyo bora kuliko hiyo.

Njia ya tatu inahusu mashamba yaliyolishwa sana kwa miaka mingi. Chembe za udongo zina idadi fulani ya mahali pa kuishika fosforasi, mfano wa viti vya basi. Abiria wa kwanza huketi na kutulia. Viti vikijaa, wanaopanda baadaye husimama karibu na mlango, na breki kidogo tu inawamwaga nje. Udongo uliotiliwa samadi ya kuku mwaka hadi mwaka unaweza kufika mahali hapo, na hapo ile kanuni ya "haitembei" inakufa: fosforasi huanza kushuka kupitia nyufa, matundu ya minyoo na mitaro ya kukaushia shamba.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa umenipa takwimu. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo. Ile 46 si fosforasi tupu. Ni desturi ya zamani ya kuihesabu fosforasi pamoja na oksijeni yake. Zidisha kwa 0.44 upate fosforasi halisi: asilimia 20, yaani kilo 10 kwenye mfuko wa kilo 50. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na kilo 3 hivi za fosforasi. Wewe unavuna tani moja na nusu, kwa hiyo zinazotoka ni kilo nne na nusu kwa ekari. Zinabaki kilo tano na nusu, na samadi bado hatujaigusa. Kubaki si dhambi. Udongo mwekundu wenye njaa ya fosforasi unahitaji ziada kwa miaka kadhaa kabla haujaanza kuuachia mmea kirahisi. Ila ziada hiyo ikiendelea miaka kumi, kumi na mitano, bila kupimwa, huwezi kujua kama bado unaujenga udongo au umeshaanza kuulisha mto.

Tuseme mvua inaiba kilo moja tu kwa ekari. Kwako hiyo ni sehemu ya kumi ya mfuko, hutaiona kwenye gunia wala kwenye rangi ya majani. Ziwani hesabu inageuka. Maji ya ziwa huingia kwenye hatari ya kujaa mwani fosforasi ikifika mikrogramu 20 hadi 30 kwa lita. Kilo moja ina mikrogramu bilioni moja. Gawanya kwa 20, unapata lita milioni 50. Hilo ni bwawa la mita 250 kwa mita 100, kina mita 2, likifikishwa kwenye hatari na kitu unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Kweli, si fosforasi yote inayofika inatumika mara moja. Iliyoshikamana na tope nyingi huzama chini, na nitaeleza inavyorudi. Lakini ile iliyoyeyuka, karibu yote ni chakula tayari kwa mwani.

Na mahindi yenyewe yanataka nini? Ili mmea ushibe, maji yaliyo kati ya chembe za udongo yanatakiwa kuwa na fosforasi ya kama mikrogramu 200 kwa lita. Mara kumi ya kiwango kinachoanza kuliumiza ziwa. Hapa ndipo ugomvi wenu na wavuvi ulipozaliwa, na si kwa sababu mmoja ni mwongo. Shamba lenye rutuba ya kawaida, lisilo na kosa la kilimo, tayari lina maji ambayo ziwa haliwezi kuyavumilia. Kiasi kinachopotea ni kidogo mno kwa mkulima kukiona na kikubwa mno kwa ziwa kukisamehe. Kwa hiyo ile hoja yako kwamba huwezi kuiachia mto mbolea uliyoinunua naielewa, ila mfuko wako hauwezi kukuonya. Hasara yako ni ndogo sana.

Kwa nini fosforasi, na si naitrojeni au kitu kingine? Suala hili lilibishaniwa vikali miaka ya 1960, na viwanda vya sabuni, ambavyo bidhaa zake zilijaa fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, vilikuwa na sababu zao za kutaka mkosaji awe kaboni. Mwaka 1973 kikosi cha wanasayansi kilichoongozwa na David Schindler kililigawa kwa pazia ziwa dogo linaloitwa namba 226 huko Ontario, Kanada. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukawa kijani kibichi. Mwenzake ukabaki na maji yake ya kawaida. Picha iliyopigwa kutoka angani ilisaidia kuuhitimisha ubishi kuliko majedwali yote.

Maelezo yake ni haya. Kaboni mwani huipata hewani. Naitrojeni pia imejaa hewani, na baadhi ya sianobakteria, wale wadudu wadogo wa kijani-bluu tunaowaita mwani ingawa ni bakteria, wanaweza kuivuta humo wenyewe. Fosforasi haina akiba hewani. Ikikosekana hakuna kukopa, na ikiingia inakuwa ufunguo wa vingine vyote: gramu moja yake inaweza kujenga kama gramu 100 za mwani, uzito mkavu. Sisemi naitrojeni haina lawama. Baharini mara nyingi ndiyo yenye neno la mwisho, na katika maziwa kadhaa hushirikiana na fosforasi, hata kuongeza sumu. Lakini kwenye maji baridi, anayetaka kufunga bomba huanza na fosforasi.

Umeniambia kijani hutokea mvua zinapokatika, na wengine huchukua hilo kama ushahidi kwamba mvua na mashamba havihusiki. Ni kinyume chake. Wakati wa mvua maji yamechafuka kwa tope na mwanga haupenyi, hivyo mwani una chakula bila jua. Mvua ikikatika tope linatua, jua linaingia, maji yanapata joto na kutulia, na chakula kilicholetwa majuma yaliyopita kinaliwa kwa pamoja. Sianobakteria wengi wana vipovu vya hewa ndani yao vinavyowawezesha kuelea, kwa hiyo maji tulivu huwapa juu yote.

Samaki wa alfajiri nao wana maelezo. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta kama viumbe wengine, na chini kabisa bakteria wanaoozesha mwani uliokufa huivuta zaidi. Oksijeni hufika kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Wavuvi wanaona sahihi. Samaki wengi wanaokufa hivyo hawakunyweshwa sumu, wamekosa pumzi.

Sasa lile la kuacha mbolea msimu huu. Kuna ghala mbili za fosforasi ambazo hazisikii uamuzi wako. Ya kwanza ni udongo wako: kama umekuwa ukitia ziada kwa miaka mingi, shamba litaendelea kuivujisha miaka mingi hata usipoongeza punje. Ya pili ni tope la chini ya ziwa. Fosforasi iliyozama na udongo ilishikwa na chuma, na chuma huishika vizuri mradi kuna oksijeni. Oksijeni ikiisha chini, chuma hubadilika hali yake, huyeyuka, na kuiachilia fosforasi irudi juu majini. Ona mzunguko ulivyo: mwani unakufa, unaoza, unamaliza oksijeni, tope linatema fosforasi, na fosforasi hiyo inaotesha mwani mwingine. Ziwa linajilisha lenyewe. Maziwa mengi yaliyofuatiliwa baada ya kupunguziwa fosforasi ya nje yalihitaji kama miaka 10 hadi 15 ili kutulia kwenye hali mpya. Machache yana bahati. Ziwa Washington, jijini Seattle, Marekani, lilielekezewa majitaka kwingine kati ya 1963 na 1968, na ndani ya miaka michache maji yakaanza kung'aa. Lakini lile ni ziwa lenye kina kirefu, halikuwa limekaa muda mrefu katika hali mbaya, na uchafu wake ulitoka kwenye mabomba. Bomba unaweza kulifunga. Mteremko wenye mashamba elfu moja huufungi kwa siku moja.

Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, lina funzo ambalo ningependa kila anayewashauri wakulima alijue. Miaka ya 1960 watu walikuwa wakisema ziwa hilo limekufa. Mwaka 1972 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba, majitaka yakasafishwa, fosfeti kwenye sabuni ikapunguzwa, na baadaye lengo likawekwa la kutozidi tani 11,000 za fosforasi kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1980 maji yalikuwa yamepata nafuu kubwa. Wakulima nao walihimizwa kuacha kukatua ardhi ili kuzuia mmomonyoko, na wengi walikubali. Tope likapungua mitoni. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, fosforasi iliyoyeyuka ilianza kupanda katika mto Maumee, unaomwaga maji upande wa magharibi wa ziwa, na kijani kikarudi. Tarehe 2 Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya sianobakteria, marufuku iliyodumu kama siku tatu.

Nini kilitokea? Sababu ni kadhaa, zikiwemo mvua kubwa zaidi na mabomba ya kukaushia mashamba yaliyozikwa ardhini. Lakini mojawapo ni hii: mbolea ilikuwa ikirushwa juu ya ardhi isiyokatuliwa, haifukiwi, hivyo fosforasi ikajikusanya kwenye sentimita chache za juu, palepale maji yanapopita. Dawa ya fosforasi iliyoshikamana na tope ilisaidia kuongeza ile iliyoyeyuka. Usinielewe vibaya, kutokatua ni jambo jema na kwenye mteremko ningekuhimiza. Tatizo ni kutokatua huku mbolea na samadi vikiachwa juu. Mwaka 2016 nchi hizo zilikubaliana kupunguza asilimia 40 ya fosforasi ikilinganishwa na mwaka 2008, na bado wanahangaika nayo.

Basi wewe ufanye nini? Samadi kwanza. Ifukie. Ama iweke kwenye mashimo ya kupandia na kuifunika, ama ichanganye na udongo siku hiyohiyo unapoitandaza, na usiitoe ghalani ukiona wingu la mvua kubwa. Rundo lake likae mahali palipoinuka, limefunikwa, mbali na kijito. Nimeona marundo yaliyowekwa ukingoni mwa mtaro kwa sababu tu gari lilishindwa kupanda. Kisha ihesabu. Mahindi huchukua naitrojeni kama mara tano ya fosforasi, lakini samadi ya kuku mara nyingi ina naitrojeni mara mbili hadi tatu tu ya fosforasi yake. Ukiitia hadi mahindi yashibe naitrojeni, umeshapitiliza fosforasi. Ukiongeza na DAP juu yake unalipia kitu ambacho huenda tayari umekitandaza bure. Ikiwa kipimo cha udongo kitaonyesha fosforasi imetosha, unaweza kupumzisha DAP kwa misimu kadhaa, ukatumia urea, mbolea ya naitrojeni isiyo na fosforasi, peke yake kukuzia, na samadi ukaihamishia shamba lililochoka au ukamwuzia jirani mwenye upungufu. Huko ndiko pesa yako iliko, kuliko kwenye ile kilo moja iliyoibwa na mvua.

Kama kipimo kitaonyesha upungufu, endelea na DAP bila aibu. Mahindi yaliyodumaa huacha ardhi wazi, na ardhi wazi humomonyoka. Ila itie shimoni, tenga kwa udongo kidogo kati yake na mbegu, kisha funika. Mbolea iliyofukiwa sentimita tano haionani na maji ya juu.

Kuhusu mteremko, wala sihitaji kukufundisha: makinga maji, kupanda kwa kukata mteremko, kuacha mabua yafunike ardhi. Hayo yanazuia ile fosforasi ya kwenye tope, na kwenye mteremko hiyo huwa sehemu kubwa.

Ukanda wa nyasi kando ya kijito unasifiwa sana, na mimi nausifu kwa masharti. Unapunguza mwendo wa maji, tope linatua, na hilo ni faida halisi. Fosforasi iliyoyeyuka huizuii sana kwa nyasi. Maji yakishajichimbia mkondo mmoja yanapita katikati ya ukanda kana kwamba haupo, kwa hiyo ukague mvua ikiwa inanyesha, sio kiangazi. Tena nyasi zinazoachwa zioze hapohapo hurudisha kilichoshikwa. Zikate uwapelekee mifugo walioko mbali na maji. Na mifugo isinyweshwe ndani ya kijito: kwato zinabomoa kingo, kinyesi kinaangukia mlemle.

Kama mlangoni mwa kijito kuna kinamasi chenye matete au mafunjo, msikikaushe ili mpande mboga. Kule Florida, Marekani, wametengeneza vinamasi vya kusafisha maji ya mashamba vyenye ukubwa wa zaidi ya hekta 20,000, ili maji yanayoingia kwenye kinamasi kikubwa cha asili cha Everglades yakaribie mikrogramu 10 za fosforasi kwa lita. Kinamasi cha asili mnacho bure. Lakini nacho hujaa, hasa kikilishwa tope kila mwaka, kwa hiyo kisiwe kisingizio cha kuacha mashamba yavujishe.

Atakayekuja kukuuzieni dawa ya kumwaga majini ili kuua kijani, mkataeni. Salfeti ya shaba huua sianobakteria kweli, na wakifa wote kwa pamoja hupasuka na kumwaga sumu iliyokuwa ndani yao, kisha kuoza kwao humaliza oksijeni iliyosalia. Zipo njia za kuifunga fosforasi kwenye tope kwa chumvi za alumini au udongo wenye lanthanamu, aina ya metali inayoshika fosforasi. Ni kazi ya wataalamu na mamlaka ya ziwa zima, na haina maana kama mito bado inaleta mzigo mpya.

Kuna suala la haki pia. Huenda si mashamba peke yake. Majitaka, vyoo vinavyovuja, kufulia mtoni, barabara za udongo, mifugo, vumbi na moshi wa kuchoma nyika, vyote huleta fosforasi. Ugomvi wenu unaweza kupunguzwa na chupa chache za maji. Chukueni sampuli pale kijito kinapoingia eneo lenu na pale kinapotoka, siku moja, mvua ikiwa inanyesha na maji yamejaa. Anayepima siku ya jua anajidanganya, maana sehemu kubwa ya fosforasi ya mwaka mzima husafiri katika dhoruba chache. Chupa isioshwe kwa sabuni. Isuuzwe kwa maji hayohayo ya kijito. Iwekwe gizani kwenye baridi na ifike maabara haraka, ndani ya siku moja ikiwezekana. Ombeni vipimo viwili: fosforasi yote, na ile iliyoyeyuka peke yake. Ikiwa iliyoyeyuka ndiyo nyingi, tazameni samadi, mbolea za juu na majitaka. Ikiwa nyingi ni ya kwenye tope, tazameni mteremko na kingo. Na wavuvi wawepo wakati wa kuchukua sampuli, ili matokeo yasikataliwe na upande wowote.

Wakati huo wote, maji yakiwa na utando kama wa rangi ya kijani iliyomwagika, msiyanywe, watoto wasiogelee humo, mifugo isinywe. Kuyachemsha hakusaidii: joto huua bakteria, sumu hubaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Ukitaka kutofautisha, vaa glavu, ujaze chupa na uiache itulie saa kadhaa. Kijani kikipanda juu na kutengeneza tabaka, yamkini ni sianobakteria. Ukichovya kijiti na kikatoka na nyuzi ndefu, huo kwa kawaida ni mwani wa aina nyingine. Kipimo hiki cha nyumbani hakikuambii kama kuna sumu au hakuna. Hilo ni la maabara. Mtu akitapika, akaharisha au akawashwa mwili baada ya kugusa au kunywa maji hayo, apelekwe hospitali na daktari aambiwe kuhusu kijani. Ng'ombe au mbwa akianza kuyumba au kutetemeka, mwite mganga wa mifugo hapohapo, usingoje asubuhi, maana sumu nyingine huua ndani ya saa chache. Mamlaka ya maji nayo ijulishwe siku hiyohiyo, hasa kama kuna watu wanaochota au bomba linalovuta upande huo.

Kwa upande wa shamba, mwite afisa ugani aje auone mteremko kwa macho, mvua ikiwezekana. Mimi kutoka hapa siwezi kujua maji yako yanatokea wapi, na mara nyingi sehemu ndogo ya shamba ndiyo inayotoa fosforasi karibu yote: kona moja iliyo chini, njia ya ng'ombe, mahali rundo la samadi lilipokuwa. Kabla hajaja, chukua udongo kutoka sehemu kumi na tano au zaidi, uchanganye, upeleke maabara. Chukua mafungu mawili, la sentimita 0 hadi 5 na la 5 hadi 20, uyaandike tofauti, ili ionekane kama fosforasi imejazana juu. Waulize wanatumia kipimo gani, kwa kuwa cha Bray kinafaa udongo wenye tindikali na cha Olsen kinafaa wenye chokaa, na tarakimu zake hazilinganishwi. Kwenye fomu, pale wanapouliza mbolea zilizotumika, andika samadi ya kuku na miaka uliyoitumia. Wengi huandika DAP tu, kisha wanashauriwa kuongeza fosforasi wasiyoihitaji.